Kiti cha baraza la kata na masikio ya Jaji Pillay

Tangu nimalize muda wangu wa uenyekiti wa baraza la kata, wanawake wanaochaguliwa kwenye mabaraza ya huku kwetu Moshi Vijijini hunitafuta. Wengine huja nyumbani, wengine hupiga simu usiku watoto wakishalala. Wanachouliza ni kilekile: utawaongozaje wazee ambao mpaka jana ulikuwa unawaamkia na kuwapisha njia, tena wengine ni shemeji na baba wadogo, na wote wamekua wakijua kwamba habari za kihamba, shamba la ukoo, huzungumzwa na wanaume? Mimi huanza kuwasimulia habari za jaji mmoja wa kutoka Durban, Afrika Kusini, niliyekuwa nikimtazama kupitia kioo pale Arusha. Salio huisha kabla sijafika popote. Ndiyo maana naandika.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la steshenari jirani na jengo la mikutano la AICC. Kazi ilikuwa kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwafungia watu ripoti. Mji ulikuwa umejaa wageni wa "Mahakama ya Rwanda", kama tulivyoiita, ile ambayo Umoja wa Mataifa uliiunda Novemba 1994 kuwashtaki waliopanga na kuongoza mauaji ya kimbari, makao yake yakawekwa Arusha. Watu wengi wa mjini waliijua kwa magari yake meupe na kwa wenye nyumba wa Njiro walioanza kutaja kodi kwa dola. Kwamba ukiwa na kitambulisho unakaguliwa mlangoni, unapewa hedifoni na kukaa nyuma ya kioo usikilize kesi, hilo halikuvuma. Mimi niliambiwa na mteja, mkalimani aliyekuwa akija kutoa fotokopi. Siku kazi ikiwa ndogo na bosi akiwa na moyo mzuri, nilivuka barabara kwenda kusikiliza.

Kiswahili hakikuwemo kwenye hedifoni. Nilisikiliza kwa Kiingereza changu cha sekondari, na maneno mengi ya sheria yalinipita. Lakini kuona nilikuwa naona. Katika majaji sita wa kwanza wa mahakama ile, ambao Jaji William Sekule wa hapa Tanzania alikuwa mmoja wao, mwanamke alikuwa mmoja tu, Navanethem Pillay. Alibaki mwanamke peke yake kwa miaka kadhaa. Nilikuwa msichana wa duka, sijawahi kuona mwanamke akikaa juu ya wanaume wenye majoho na wao wakiinama wakiingia.

Habari zake nilizipokea kidogokidogo, nyingine miaka mingi baadaye. Baba yake alikuwa dereva wa basi. Watu wa mtaani kwao walichanga fedha ili asome chuo. Mwaka 1967 alifungua ofisi yake ya uwakili, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufanya hivyo katika jimbo la Natal, kwa kuwa hakukuwa na kampuni ya mawakili ambayo ingemwajiri mtu wa rangi yake. Alifanya uwakili miaka 28 bila kuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha jaji. Cha kwanza kuingia kilikuwa chake mwenyewe, mwaka 1995. Na kuna kisa cha utotoni alichokisimulia mwenyewe. Akiwa na miaka sita aliibiwa paundi 5, mshahara wa baba yake, ambao alikuwa ametumwa aupeleke. Akasimama mahakamani kutoa ushahidi, mwizi akatiwa hatiani, lakini hela haikurudi nyumbani. Huwa nakikumbuka kisa hicho kila ninapoona shahidi anayetetemeka. Jaji aliyewahi kuwa shahidi akiwa mtoto anajua kiti kile kina urefu gani.

Msidhani namsifia wa mbali nikiwasahau wa nyumbani. Tanzania ilikuwa na Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, tangu miaka ya sabini. Jaji Eusebia Munuo naye alikuwa wa kwanza kufika Mahakama ya Rufani. Ila Pillay ndiye niliyemwona kwa macho, na kesi yake ndiyo iliyonifundisha kazi ambayo sikujua kwamba nitakuja kuifanya.

Kesi hiyo ni ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Ilianza Januari 1997 mbele ya Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na Pillay. Hati ya mashtaka haikuwa na ubakaji hata mahali pamoja. Kisha mama mmoja, aliyetambulishwa kwa herufi J ili jina lake lisijulikane, akiwa katikati ya kueleza mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanamgambo watatu wa Interahamwe. Neno lile lingeweza kupita, kwa sababu hakuitwa kwa ajili ya hilo. Majaji wakamuuliza. Machi mwaka huohuo shahidi mwingine, H, akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba wanawake wengine walibakwa palepale kwenye ofisi ya meya. Mwendesha mashtaka akaomba nafasi, akarudi kuchunguza, na Juni 1997 hati ikarekebishwa. Mashirika ya haki za wanawake nayo yalikuwa yanasukuma kutoka nje, tusiwanyime sifa yao.

Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ikasomwa. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilisema ubakaji ni tendo la mauaji ya kimbari pale unapofanywa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu. Siku hiyo sikuweza kuingia, watu walikuwa wengi. Muhtasari nilikuja kuutoa fotokopi kwa ajili ya mteja, nikajibakizia nakala moja, nikaisoma na kamusi pembeni.

Tazama jinsi kazi zilivyogawanyika pale. Majaji hawakumwongezea mtu shtaka, maana si mamlaka yao. Waliuliza, jibu likaandikwa, na mwenye mamlaka ya kushtaki akafanya kazi yake. Mtu akikuambia Pillay "aliwafunga wabakaji" anakuwa ameruka sehemu ngumu zaidi, ya kusikia neno lililopita ubavuni na kulisimamisha bila kuvuka mpaka wako.

Nikaolewa, nikarudi Moshi, nikawa mkulima wa migomba na kahawa kama wengine. Mwaka 2014 kamati ya maendeleo ya kata ilinichagua kuwa mjumbe wa baraza la kata. Sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 inataka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Nasema bila kuficha: wengi wetu tuliingizwa kutimiza hesabu hiyo. Uenyekiti nao niliupata kwa sababu wazee wawili walikuwa wanaupigania, na kila mmoja aliona heri mwanamke kuliko mwenzake.

Kikao cha kwanza mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mama Aika, wewe fungua kwa sala, halafu utuachie." Nikafungua kwa sala. Sikuwaachia. Nikasoma dai kwa sauti, nikamwomba mdai asimame.

Kama umechaguliwa na unaogopa wazee, heshima na kiti unaweza kuvibeba pamoja. Nje ya mlango niliwaamkia wote shikamoo, niliwapisha, niliwauliza hali za nyumbani. Tukishaketi, kila mtu alikuwa "mjumbe", na mimi nikawa "mwenyekiti", hata kwa shemeji yangu. Mara za mwanzo walicheka. Baadaye waliipenda, kwa sababu hata wao iliwaokoa: mjumbe angeweza kumkatalia ndugu yake jambo ambalo kaka asingeweza.

La pili ni kusoma jalada usiku wa kuamkia kikao. Hapa hakuna ujanja. Mwenyekiti anayekuja kusikiliza dai kwa mara ya kwanza pale barazani ataongozwa na mwenye sauti kubwa. Nilikuwa na daftari la kaunta ambamo niliandika nani anadai nini, mpaka upi, shahidi gani ameletwa kwa jambo gani. Ukishajua shahidi ameletwa kwa ajili gani, ndipo unapoweza kusikia anapotoka nje ya hilo.

Sasa nifike kwenye shauri lililonifundisha kuliko mengine. Nabadilisha kidogo baadhi ya mambo ili wahusika wasijulikane.

Ndugu wawili wa baba mmoja walikuwa wanagombania mpaka. Mmoja alidai mwenzake amehamisha masale usiku. Kwa msomaji asiye wa Uchagani: isale ni mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na mtu akikuletea jani lake kuomba radhi, ni aibu kubwa kumkatalia. Kung'oa masale basi si kosa la kawaida, ni kama kuchezea kiapo. Wajumbe walikuwa wamechemka. Tulitembelea eneo, tukapima kwa hatua, kila upande ukaleta wazee wa kutaja mashina ya zamani.

Mdaiwa akaleta shahidi mmoja wa mwisho, mama aliyekuwa anauza ndizi Himo. Aliitwa kwa sababu alikuwepo masale yale yalipopandwa. Akasema, "Tuliyapanda na marehemu baada ya zile mvua za El Niño, kabla sijatolewa mle ndani." Mjumbe mmoja akamrukia: yalikuwa mashina mangapi? Akajibu. Mwingine akauliza: yalianzia kwenye mfereji au kwenye mti? Akajibu. Katibu alikuwa anaandika mashina na mfereji. Lile la kutolewa hakuliandika.

Nikasimamisha maswali. Nikamuuliza, "Mama, ulitolewa na nani?"

Mzee aliyekaa kulia kwangu akaingilia: "Mwenyekiti, hilo halimo kwenye dai." Na alikuwa sahihi kabisa, halikuwemo. Moyo ulinienda mbio. Nilikumbuka hati ya mashtaka ya Taba ambayo nayo haikuwa na kitu. Nikamwambia mjumbe kwamba sitaamua juu ya hilo, nataka tu kujua shahidi huyu anaijua ardhi hii kama nani. Akanyamaza. Mama yule akatazama chini muda mrefu, na mimi sikumharakisha. Hili nalo ni la kujifunza, maana kimya cha shahidi humtesa mwenyekiti, na mkono unataka kujaza swali jingine. Usijaze.

Akaeleza. Kipande kilichokuwa kinagombaniwa kilikuwa cha mume wake, kaka wa tatu wa wale wawili. Alipofariki, mama huyu na watoto wake waliambiwa waondoke kwa muda "mpaka mambo ya ukoo yatulie." Yalitulia kwa ndugu kila mmoja kusogeza shamba lake kutoka upande wake mpaka wakakutana katikati. Ule mpaka waliouleta kwetu ulikuwa mahali walipokutana.

Sitasahau sura za wajumbe. Wengine walikuwa wanajua tangu mwanzo, niliona. Kijiji hakifichi mambo ya namna hiyo, ila hayana mtu wa kuyauliza.

Hapa ndipo wanawake wengi wenye huruma hupotea, kwa hiyo mnielewe vizuri. Jioni ile watu walinitaka nimrudishie mama shamba lake palepale. Hatukuwa na mamlaka. Baraza la kata halikuwa mahakama ya mirathi, na marehemu hakuwa na msimamizi aliyeteuliwa. Tulichokuwa nacho ni hoja moja nyepesi na ngumu: ndugu wote wawili walikuwa wanadai ardhi iliyo sehemu ya mali za marehemu, na anayeweza kuidai ardhi ya marehemu ni msimamizi wa mirathi yake. Tukaliondoa shauri lao. Kwenye uamuzi tukaandika alichosema mama, neno kwa neno, na tukamwelekeza afungue mirathi mahakama ya mwanzo.

Safari yake ya mirathi ilikuwa na milima yake. Mume alizikwa bila cheti cha kifo kukatwa, kwa hiyo ilianza kwenye usajili wa kifo. Ukoo uligoma kukaa kikao cha kupendekeza msimamizi, ukidhani bila muhtasari wao mlango umefungwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia sana, na makarani huuomba, lakini ukoo ukigoma mwombaji anaweza kuieleza mahakama hivyohivyo katika maombi yake na wanaopinga wakaitwa kujieleza. Aliteuliwa. Nilimsisitizia jambo ambalo wasimamizi wengi hulipuuza: ndani ya miezi minne ya kuteuliwa unatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, Fomu namba 6. Usipofanya, umewapa waliokupinga sababu ya kuomba uondolewe.

Na mtu akikuambia mila hairuhusu mwanamke kuwa na kihamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Nilikuwa na nakala ya kifungu hicho ndani ya daftari langu. Kuisoma kwa sauti kulipunguza kelele kuliko hasira yoyote ambayo ningeweza kuionyesha.

Gharama ilikuja Desemba, Wachaga wote wanaporudi nyumbani. Mmoja wa ndugu wale alituma mtu kutualika kwenye ndafu, mimi na mume wangu. Mbuzi mzima, bia, na wageni kutoka Dar. Tulikaa nyumbani. Januari tulikuta baadhi ya mibuni yetu imekatwa, na sina ushahidi wa nani, kwa hiyo sisemi. Mume wangu aliulizwa kilabuni kama ndani kwake anaongozwa pia kwa akidi. Alicheka nao, akaja nyumbani akanyamaza siku kadhaa. Posho yetu kwa kikao haikutosha nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mara nyingine haikutoka kabisa. Ukiingia kwenye baraza, zungumza na wa nyumbani kwako kabla, hasa kuhusu hela na maneno ya watu. Mimi tulizungumza tukiwa tayari tumeumia.

Nirudi Arusha kidogo, kwa sababu si kila kitu cha mahakama ile kilikuwa cha kuigwa. Oktoba 2001, katika kesi ya Butare, mwanamke aliyekuwa akihojiwa kwa kirefu kuhusu kubakwa kwake alisikia majaji wakicheka. Pillay hakuwa kwenye jopo hilo, ila tangu 1999 alikuwa rais wa mahakama nzima, na lawama ilimfikia mezani. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba majaji walimcheka wakili kwa namna alivyokuwa akiuliza, wala hawakumcheka shahidi. Huenda ni kweli. Lakini mwanzoni mwa 2002 vyama vya manusura wa Rwanda, na cha wajane kikiwemo, vilisitisha ushirikiano na mahakama kwa malalamiko ya jinsi mashahidi wanavyotendewa. Kwa maoni yangu, yale yalikuwa maelezo ya kisheria mahali palipohitaji pole kwanza. Shahidi aliye peke yake kwenye kiti hawezi kutofautisha kicheko kinamwendea nani.

Nililichukua hilo kama sheria ya kikao: mwanamke akieleza alichofanyiwa, hakuna utani barazani, hata utani wa kupoza hali. Wazee wetu hupenda kupoza hali kwa mzaha, na nia yao huwa njema. Niliwaeleza kabla kikao hakijaanza, si katikati, ili asiaibike mtu mbele za watu.

Mwaka huohuo wa 2002 lilitokea jambo jingine. Mwezi Juni serikali ya Rwanda iliweka masharti mapya ya safari, mashahidi wakakwama na kesi zikasimama. Pillay alilipeleka suala hilo kwa maandishi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kumbuka mahakama ile bila Rwanda isingekuwa na shahidi hata mmoja, kwa hiyo aliishtaki nchi aliyokuwa anaihitaji. Sisi tulikuwa na mwenyekiti wa kitongoji aliyewaambia mashahidi wa mdai mmoja wasije, kuna kazi ya maji siku hiyo. Safari ya kwanza tuliahirisha. Mchezo ulipojirudia, tukaandika barua kwa mtendaji wa kata, tukataja tarehe na majina ya mashahidi, nakala tukabandika ubaoni. Kikao kilichofuata mashahidi walikuja, na kazi ya maji ikaendelea bila wao. Nilitarajia ugomvi mkubwa. Alinikasirikia hadi Pasaka tu. Ukilalamika kwa mdomo, watu watasema mwanamke huyu ana maneno mengi. Barua yenye tarehe haina jinsia.

Ndiyo maana jambo ninalolisisitiza hadi kuchosha ni maandishi. Kabla sijaingia, uamuzi mmoja wa baraza letu ulibatilishwa huko juu kwa sababu nakala haikuonyesha majina ya wajumbe walioketi wala wangapi walikuwa wanawake. Watu walikuwa wamehangaika miezi mingi, wamelipa, wametembea, yote yakafutwa kwa mstari mmoja uliokosekana. Kila kikao nilihakikisha majina yote yameandikwa, me au ke, na kila mmoja ametia sahihi kabla hajaondoka. Wajumbe waliopinga uamuzi niliwaomba waandike sababu zao. Mzee aliyenikatiza siku ya yule mama aliandika yake, kwa hati nzuri sana ya mkoloni, kwamba mwenyekiti alitoka nje ya dai. Ipo kwenye jalada mpaka leo, na naona alikuwa na haki ya kuiacha hapo.

Kuhusu mama wa Himo: msimamizi ni yeye, watoto wana vipande vyao, sehemu ya kahawa ilikuwa imeshang'olewa na ndugu mmoja bado hamsalimii.

Wanaotaka kuona majaji wanawake kazini hawahitaji kunitegemea mimi. Mahakama ya Rwanda ilifungwa mwisho wa 2015, lakini Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha tangu 2007, na imeshaongozwa na Sophia Akuffo wa Ghana na Imani Aboud wa Tanzania. Inapokaa hadharani, raia anaweza kuingia. Tafuta tarehe, beba kitambulisho, panda basi la asubuhi kutoka Moshi. Usiende kutafuta maneno makubwa. Tazama nani anaandika wakati wengine wanaongea, na ni swali gani linaulizwa baada ya wote kumaliza.

Na unayechaguliwa sasa, usitumie kila nilichoandika bila kuangalia tarehe. Nilimaliza muda wangu 2020. Wakati wangu baraza liliamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na siku hizi baraza la kata linapatanisha tu. Kuamua ni kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkishindwa kuwapatanisha, wapeni cheti cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana, kiwe na tarehe na majina yenu. Siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe bila suluhu, mdai anaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho. Waambieni watu hilo siku ya kwanza wanapofungua shauri, kwa sababu wapo wanaozungushwa miezi sita wakisubiri karatasi ambayo hawakuihitaji tena.